Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Sanda kwa Kiswahili na Ulingo wa Mazoezi

Mradi una sehemu mbili zinazokwenda pamoja: mwongozo wa kufundishia sanda, mchezo wa mapigano wa Kichina wa mateke, ngumi na kuangusha, kwa Kiswahili, na ulingo wa mazoezi ambapo kila somo la mwongozo linajaribiwa kabla ya kukubaliwa. Tunaandika kila mwisho wa wiki. Yaliyoharibika yanaandikwa sawasawa na yaliyofaulu, ili anayetaka kufundisha au kujenga mahali pengine asiyarudie.

Wiki ya 1. Majina kwanza

Sanda ni maneno mawili ya Kichina: san, yaani huru, kisichofungwa kwenye mpangilio, na da, kupiga. Jina la zamani zaidi, sanshou, lina shou, mkono, mahali pa da. Mchezo ni uleule. Uhuru unaotajwa hapa ni ule wa kupambana bila miondoko iliyopangwa. Katika taolu, upande wa pili wa wushu (sanaa za mapigano za Kichina), mchezaji anaonyesha mfululizo aliouhifadhi kichwani. Katika sanda mpinzani hakupi zamu.

Wachina hugawa mbinu za mapigano katika mafungu manne: ti ni mateke, da ni ngumi, shuai ni kuangusha, na na ni kukamata na kupinda viungo. Sanda ya mashindano ilichukua matatu ya kwanza ikaacha la nne.

Mateke na ngumi havikutusumbua. Teke la mbele, teke la pembeni, teke la mzunguko, ngumi ya kunyoosha, ngumi ya kupinda, ngumi ya kupandisha: kila anayeingia ukumbi wa mazoezi anayaelewa. Kwenye kuangusha tuligundua kwamba Kiswahili cha mtaani kina hazina ambayo haijatumika. Mtoto yeyote anajua kupigwa mtama, kupigwa kumbo na kubwagwa, na anajua kuwa hayo ni mambo matatu tofauti. Tumeyapa kazi maalumu. Mtama ni mguu wangu kufagia au kunasa mguu wa mpinzani. Kumbo ni kumsukuma kwa bega au kifua hadi apoteze mizani. Kubwaga ni kumwondoa miguu chini kwa kumwinua.

Neno moja tumelikataa baada ya kulijaribu. Kuna mbinu iitwayo jia jing shuai: mkono unazunguka shingo, nyonga inaingia mbele ya mpinzani, naye anapinduliwa juu yake. Rasimu iliiita "kabali". Wanafunzi waliposikia kabali walibana koo, wala nyonga haikuingia. Kukaba ni marufuku katika sanda, na hata kama kungeruhusiwa, kusingemwangusha mtu. Sasa inaitwa "kubwaga kwa nyonga", na mkono umetajwa baadaye kabisa kwenye maelezo.

Lei tai tumeiita ulingo. Wengi wanalijua neno hili kwa ulingo wa ndondi wenye kamba, lakini maana yake ya shambani, kile kichanja cha juu anachosimama anayefukuza ndege wasile mazao, ndiyo hasa sura ya lei tai: jukwaa lililoinuliwa, wazi pande zote nne, na unaweza kuanguka kutoka juu yake.

Wiki ya 2. Sura ya historia

Fupi, kurasa tatu. Tumeacha hadithi za mahekalu na kuanzia mahali penye kumbukumbu.

Mwaka 1928 ilianzishwa Taasisi Kuu ya Guoshu (jina la wakati ule la sanaa za mapigano za Kichina) mjini Nanjing, na Oktoba mwaka huohuo yakafanyika majaribio ya kitaifa yaliyokuwa na mapambano ya ulingoni. Walikutana mabingwa wa mitindo mbalimbali, kinga zilikuwa chache, kanuni hazikuwa zimekomaa. Majeraha yalizidi na mapambano yakasimamishwa kabla ya kufika mwisho. Mwaka 1929 yakaja mashindano ya Hangzhou. Jambo tunalotaka mwanafunzi alione ni kwamba kazi ngumu haikuwa kupata wapiganaji. Kazi ilikuwa kuandika kanuni zinazomruhusu mtu kupiga kwa nguvu zake zote leo na kurudi mazoezini wiki ijayo.

Kazi hiyo ilifanywa kwa uzito kuanzia mwaka 1979, Tume ya Michezo ya China ilipoanzisha majaribio katika sehemu tatu: mkoa wa Zhejiang, Chuo cha Elimu ya Mwili cha Beijing na kile cha Wuhan. Rasimu ya kanuni ilitumika mwaka 1982, na mwaka 1989 mchezo ukawa rasmi katika mashindano ya kitaifa. Shirikisho la Kimataifa la Wushu liliundwa mwaka 1990, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Beijing mwaka 1991. Sanshou iliingia katika Michezo ya Asia ya Bangkok mwaka 1998. Wanawake walipata madaraja yao ya uzito katika Michezo ya Guangzhou mwaka 2010. Mwaka 2000 ilianza ligi ya kulipwa iliyojulikana kama Sanda Wang, Mfalme wa Sanda. Kule kinga za kichwa na kifua ziliondolewa na magoti yakaruhusiwa, na hapo ndipo jina la Liu Hailong lilipovuma.

Tumeongeza aya moja kuhusu waliotoka na sanda kwenda michezo mingine, kwa sababu wanafunzi wengi wanafika kwa mlango huo: Cung Le wa Marekani, Muslim Salikhov wa Dagestan, na Zhang Weili, aliyetwaa mkanda wa UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko, mjini Shenzhen Agosti 2019. Ukitazama mapambano ya Cung Le, tazama nyonga yake anapodakwa mguu. Humo mna somo zima.

Wiki ya 3. Alama

Sura hii tumeiweka kabla ya mbinu zote. Katika sanda, alama ndizo zinazoamua mbinu ipi inafaa, na anayejifunza teke bila kujua thamani yake atalitupa ovyo.

Pambano ni raundi tatu, mshindi ni wa raundi mbili. Kila raundi ni dakika 2, mapumziko dakika 1. Alama 2 zinapatikana kwa teke la kiwiliwili au la kichwa, kwa kumwangusha mpinzani huku wewe umebaki umesimama, kwa kumfanya ahesabiwe, na kwa kumtoa nje ya ulingo. Alama 1 ni kwa ngumi ya kichwa au kiwiliwili na kwa teke la paja. Mkianguka wote, mmoja akitangulia, aliyechelewa kugusa chini anapata 1. Mkianguka pamoja, hakuna kitu. Mwamuzi akikuamuru ushambulie nawe ukasitasita, mpinzani anapewa 1. Anayetoka nje ya ulingo mara mbili katika raundi moja ameipoteza raundi hiyo, hata kama alikuwa anaongoza.

Marufuku: kupiga kisogo, shingo na kinena; kutumia kichwa, viwiko na magoti kama silaha; kupinda viungo; kumpiga aliyekwisha anguka.

Tumepigia mstari vifungu viwili kwa wino mwekundu. Cha kwanza: mkishikana bila matokeo kwa zaidi ya sekunde 2, mwamuzi anawatenganisha. Cha pili: kuanguka ni sehemu yoyote ya mwili isiyokuwa nyayo kugusa jukwaa. Goti moja likigusa, umeanguka. Kifungu hiki kinawaumiza sana waliotoka kwenye mieleka ya kawaida, ambako kuingia miguuni kwa kupiga goti chini ni jambo la kila siku. Huku, ukipiga goti umempa mwenzako alama mbili kabla hujamgusa.

Wiki ya 4. Rasimu ya kwanza imevunjwa

Mwongozo ulikuwa umepangwa kama vitabu vingi vya mapigano: sura ya mateke, sura ya ngumi, sura ya kuangusha. Baada ya kujaribiwa, matokeo yalikuwa mabaya kwa namna moja kwa kila mtu. Mwanafunzi anapiga teke safi kwenye begi. Anamwangusha mwenzake vizuri wakianza wameshikana. Ukiwaweka wapambane, anapiga teke, linadakwa, wote wawili wanasimama wanatazamana, mguu uko juu, hakuna anayejua la kufanya. Sekunde mbili zinapita, mwamuzi anatenganisha.

Kosa lilikuwa letu katika mpangilio. Wachina wana kauli ya kufundishia: yuan ti, jin da, tie shen shuai. Mbali teke, karibu ngumi, mwili kwa mwili mwangushe. Tulikuwa tumeisoma kama orodha ya vitu vitatu. Ni ramani ya umbali, na mchezo wenyewe uko kwenye mipaka: pale teke linapogeuka mshiko, na pale ngumi inapofungua njia ya miguu. Sura tatu zimefutwa. Mpya zimepangwa kwa njia za kuvuka: kutoka mbali kwenda karibu, kutoka karibu kwenda mwilini, kutoka mguu uliodakwa kwenda chini. Sura ya kuanguka imehamishwa mbele ya zote, kwa sababu hakuna anayeweza kufanya majaribio hayo bila kujua kuanguka.

Kuhusu kuanguka, kifupi: kidevu kwenye kifua, pumzi itoke, mkono mzima upige chini kwa pembe ya kama nyuzi 45 kutoka kwenye mwili, kiganja kikitazama chini. Kosa kubwa ni kunyoosha mkono nyuma ili ujizuie. Glavu haikingi kifundo wala kiwiko, na uzito wote unaishia hapo. Mara 30 chali, mara 30 kila ubavu, kila kipindi, kwa wiki mbili kabla ya kubwagana.

Wiki ya 5. Teke la pembeni

Ce chuai tui ndilo teke linaloitambulisha sanda, na tumelipa kurasa nyingi kuliko teke lolote. Faida yake ni tatu kwa pamoja. Linafika mbali kwa kuwa mwili umelala ubavu na nyonga imenyooka. Linasukuma, kwa hiyo linamrudisha mpinzani kuelekea ukingoni. Na ni gumu kudakwa, kwa sababu kinachotangulia ni unyayo, si muundi.

Hatua zilizobaki kwenye mwongozo baada ya kupunguzwa mara tatu:

Mguu wa nyuma unaruka kidogo na kutua pale ulipokuwa mguu wa mbele. Wakati huohuo goti la mbele linapanda hadi usawa wa kifua, likiwa limekunjwa. Kisigino cha mguu uliosimama kinageuka kumwelekea mpinzani. Nyonga inafuata, kisha mguu unanyooka kwa mstari mmoja, unyayo mzima ukigonga, uzito ukiwa kisiginoni. Goti linarudi kwa njia ileile kabla mguu haujashuka.

Kwenye video za majaribio makosa yalikuwa yaleyale. Goti likipanda nusu, mguu unapita kwa chini kama bembea, na teke linaishia kwenye paja, alama 1 badala ya 2. Kisigino cha chini kisipogeuka, nyonga haifunguki, mgongo unainama upande wa pili na mpigaji anabaki ananing'inia. Mguu ukiachwa nje baada ya kugonga, hata nusu sekunde, faida ya tatu imekufa: sasa kuna mguu hewani usio na nguvu, na wa kuudaka yuko tayari.

Zoezi lililosaidia kuliko yote ni la ukuta. Simama ubavu, mkono mmoja ukutani, pandisha goti, nyoosha polepole kwa kuhesabu hadi 4, shikilia 2, kunja kwa 4, ndipo ushushe. Mara 8 kila mguu, seti 3. Anayeshindwa kuhesabu kurudi hana teke la pembeni bado. Ana msukumo tu.

Wiki ya 6 na ya 7. Mguu uliodakwa

Wiki mbili kwa somo moja, na hatuoni kama ni nyingi. Hapa ndipo sanda inapotofautiana na ndondi za mateke nyingine.

Mfano uliochaguliwa: mpinzani anapiga teke la mzunguko, bian tui, kwa mguu wa kulia, likielekea mbavu zako za kushoto.

Mguu wako wa kulia unapiga hatua ya mshazari mbele kulia. Hatua hii ndiyo inayoua teke, kwa sababu unakwenda upande uleule ambao nguvu inaelekea, na unamkaribia, hivyo linalokugusa ni sehemu ya juu ya muundi ambayo haina kasi kama wayo. Mkono wa kushoto umekunjwa, kiwiko kikilinda mbavu. Mguu ukigusa, kigasha kinapita chini yake na kupanda, na kiwiko kinaubana ubavuni. Vidole havifanyi kazi yoyote. Ndani ya glavu huwezi kushika, unaweza kubana tu, na mwanafunzi lazima asahau kabisa wazo la "kukamata". Mkono wa kulia muda wote huo uko kidevuni.

Kisha mtama. Mkono wa kulia unatoka kidevuni na kusukuma bega lake upande mmoja, na mguu wako wa kulia unafagia kifundo cha mguu aliosimamia upande wa pili, kwa wakati mmoja. Ukifagia bila kusukuma, ataruka kwa mguu mmoja na kubaki amesimama. Ukisukuma bila kufagia, atarudi nyuma akirukaruka na sekunde zitaisha. Nguvu mbili zinazopingana ndizo zinazomgeuza mtu hewani, na ikifanyika vizuri hakuna nguvu kubwa inayohitajika.

Tunahesabu kwa sauti: "moja" ni kubana, "mbili" ni mtama. Hakuna "tatu". Mwanafunzi anayehitaji tatu anarudi kwenye kasi ya chini.

Ratiba iliyokubaliwa: mara 20 kila upande kwa asilimia 30 ya nguvu, mpigaji akijua kwamba atadakwa. Baada ya vipindi vitatu, asilimia 50, mpigaji akichagua upande. Baada ya hapo, mpigaji anachanganya teke la paja na la mbavu, na mdakaji lazima aache la paja lipite au alizuie kwa goti. Kuinama kudaka teke la paja ndiyo njia ya haraka ya kupigwa teke la kichwa.

Makosa yaliyoandikwa pembeni mwa ukurasa:

Kunyoosha mkono kulifuata teke. Kigasha kinapigwa kikiwa peke yake mbali na mwili, na kichwa kimebaki wazi.

Kubana karibu na goti. Mpinzani yuko karibu mno na mikono yake miwili ni mizima, atakupiga ngumi huku umemshika. Kubana wayo nako ni kosa, utateleza. Mahali sahihi ni katikati ya shavu la mguu.

Kuutazama mguu. Ukiuangalia mguu uliodaka, hutaiona ngumi.

Kuegemea nyuma unapofagia. Mtakwenda chini wote, alama 1 au sifuri, baada ya kazi ya alama 2.

Upande wa aliyedakwa nao una haki yake kwenye mwongozo. La kwanza si kuuvuta mguu, kwa kuwa kuvuta ndiko kunakompa mwenzako mwelekeo wa kukusukuma. Sukuma kisigino chini na mbele, ingiza nyonga, mrukie karibu na uzungushe mkono mabegani mwake. Ukishamkumbatia, mtama wake hauna nafasi, na mkienda chini mnakwenda pamoja. Kujinasua bila alama kupotea ni ushindi mdogo, na mechi nyingi zinaamuliwa na ushindi mdogo kama huo.

Wiki ya 8. Kuingia miguuni

Bao shuang tui, kukumbatia miguu yote miwili. Kwa sababu ya kile kifungu cha goti, tumeandika mbinu hii upya kwa ajili ya waliosimama. Ngumi mbili usoni kwanza, ili mikono yake ipande. Unashuka kwa kukunja magoti, si kwa kuinamisha mgongo. Sikio linagusa mbavu zake, kichwa kikiwa nje ya kwapa lake. Vigasha vinapita nyuma ya magoti na kuvuta kuelekea kwako, huku bega linasukuma tumbo. Miguu yako inaendelea kutembea hadi yeye yuko chini. Anayesimama kutembea ndiye anayedondokea goti.

Kichwa kikiingia chini ya kifua chake, uzito wake wote unakuja shingoni mwako. Tumeweka mchoro wa kosa hili peke yake, mkubwa, bila maelezo marefu.

Wiki ya 9 na ya 10. Ulingo

Ulingo rasmi ni mita 8 kwa 8, kimo sentimita 80, umezungukwa na magodoro ya unene wa sentimita 30 na upana wa mita 2, na una mstari wa onyo sentimita 90 kutoka ukingoni. Tulianza na hesabu ya magodoro, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua kimo. Pete ya mita 2 kuzunguka jukwaa la 8 kwa 8 ni mita 80 za mraba. Kwa unene wa sentimita 30, hiyo ni mita 24 za ujazo za sponji. Sponji inashinda mbao zote kwa gharama. Kujenga sentimita 80 halafu kuokoa kwenye magodoro ni kumvunja mtu mguu. Kwa hiyo ulingo wa mazoezi ni wa chini: unatosha mguu kuuhisi ukingo, hautoshi kumuumiza anayeteleza.

Vipimo navyo tumebadilisha. Plaiwudi ya dukani ni futi 4 kwa 8, na mbao za inchi 2 kwa 4 zinauzwa kwa urefu wa futi 12. Jukwaa la futi 24 kwa 24, yaani mita 7.32 kila upande, linatumia karatasi 18 kamili kwa tabaka moja bila mabaki. Tumepoteza sentimita 68 kila upande na tumeokoa upotevu wote wa kukata.

Fremu: mbao 19 zilizosimama kwa ubavu, kila moja ya futi 24, zikiachana inchi 16 kutoka katikati hadi katikati. Kila moja imeungwa kwa vipande viwili vya futi 12, jumla vipande 38. Viungio vyote vinaangukia mstari wa katikati ya ulingo, pale hasa watu wanapobwagwa, hivyo kila kiungio kimevalishwa bamba la mbao la sentimita 60 pande zote mbili, kwa boliti 4. Mabamba 38 yanatoka kwenye mbao 7 za ziada. Chini ya fremu tumeweka vipande vya tairi kila sentimita 60: vinapunguza mshindo na vinazuia jukwaa kutembea sakafuni.

Juu kuna matabaka mawili ya plaiwudi ya milimita 12. Hapa tulikosea. Mpango ulikuwa kuzungusha tabaka la pili kwa nyuzi 90 ili viungio visilingane. Fundi aliyapanga makavu bila skrubu, na kosa likaonekana mara moja: futi 8 ni mara mbili kamili ya futi 4, kwa hiyo hata ukizungusha, mistari minne mirefu ya viungio inakaa palepale juu ya mingine. Ukikanyaga hapo ubao unanesa, na baada ya mwezi wa kubwagana ungefunguka. Suluhisho ni kuelekeza matabaka yote upande mmoja na kulisogeza la pili futi 4 kwa urefu na futi 2 kwa upana. Karatasi za kingoni zinakatwa nusu, nusu zote zinatumika upande wa pili, na idadi inabaki 18. Jumla 36. Hakuna kiungio kinacholala juu ya kiungio.

Skrubu za milimita 50, kila sentimita 20 kwenye kingo na 30 katikati, vichwa vimezamishwa na kufunikwa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Juu yake sponji ngumu ya sentimita 4, kisha turubai zito lililovutwa na kufungwa chini ya fremu. Mara ya kwanza turubai lilivutwa upande mmoja hadi mwisho kabla ya upande wa pili, likafanya mikunjo ya mshazari. Anzia katikati ya kila upande, kwa zamu, ukielekea pembeni.

Mstari wa onyo tumeuacha sentimita 90 kamili, ingawa ulingo ni mdogo. Mguu unajifunza umbali huo, na haufai kufundishwa uongo.

Wiki ya 11. Ukingo

Majaribio ya kwanza juu ya jukwaa yalibadilisha sura mbili. Sakafuni, mwanafunzi akisukumwa anarudi nyuma moja kwa moja na haoni hasara. Ulingoni, hatua mbili za namna hiyo zinamfikisha kwenye mstari, na teke moja la pembeni linammalizia. Tumeongeza kanuni ya miguu: ukihisi mstari chini ya kisigino, usirudi tena nyuma, zunguka upande wa mkono wake wa mbele, kwa hatua fupi.

Anayeshambulia naye ana hatari yake. Anayemkimbilia mpinzani kumpiga kumbo ukingoni, yule akikwepa, anakwenda mwenyewe. Na wakitoka wote wawili, hakuna alama. Kwa hiyo kumbo limeandikwa kama mbinu ya hatua moja tu. Teke la pembeni ndilo la kumtolea mtu nje, kwa sababu mguu uliosimama unabaki ndani.

Zoezi: mmoja anasimama ndani ya ukanda wa sentimita 90, mwingine katikati. Sekunde 30. Wa katikati anatafuta kumtoa, wa ukingoni anatafuta kubadilishana nafasi bila kushikana zaidi ya sekunde 2. Mara 6 kila mmoja, glavu na kinga zote zimevaliwa.

Wiki ya 12. Yaliyobaki

Pembe nne za magodoro zina pengo. Magodoro ya futi 4 kwa 6 yanafuatana vizuri pembeni mwa jukwaa, lakini kwenye pembe yanaacha uwazi wa kutosha kuingiza mguu. Vipande maalumu vinakatwa. Hadi vifungwe, zoezi la ukingoni linafanyika pande mbili tu na pembe zimezuiwa.

Sura ya kubwaga kwa nyonga haijaidhinishwa. Picha zinamwonyesha mbwagaji akiwa amesimama mwishoni, lakini kwenye majaribio mbwagaji anaanguka juu ya mpinzani mara nyingi kuliko anavyobaki wima. Tunadhani hatua ya mguu wa nyuma inaelezwa imechelewa. Inaandikwa upya kwa kuanzia kwenye miguu, kisha nyonga, na mkono wa mwisho.

Mchoro wa mtama kwenye mguu uliodakwa unarudiwa pia: mchoraji ameweka mkono wa kulia na mguu wa kulia vikielekea upande mmoja.